Kengele za upepo zilie vizuri



Kiangazi kimefika, upepo wa ziwa unapiga Moba kila siku, na wengi wanatuuliza namna ya kutengeneza kengele za upepo za kutundika barazani. Waliokwisha kujaribu wanalalamika kwamba zinalia ka! ka! kama kifuniko cha sufuria. Chuma hakina kosa. Kimefungwa mahali pabaya.

Tiyo ikigongwa inatetemeka, lakini ina sehemu mbili zinazotulia, moja karibu na kila ncha. Tukitoboa na kufunga hapo, kamba haizuii mlio. Tukifunga kwenye ncha kabisa, kamba inaumeza. Kwa tiyo ya santimetri 40, tundu liwe santimetri 9 kutoka juu. Kwa urefu mwingine, zidisha kwa 22, kisha gawa kwa 100. Kabla ya kutoboa, shika hapo kwa vidole viwili tu, gonga katikati, sogeza vidole kidogo kidogo mpaka usikie mlio unaodumu.

Tiyo za maji zilizobaki kwa mafundi zinafaa sana, ila zote ziwe za unene mmoja. Fundi atoboe kwa keke, si kwa chuma cha moto, maana moshi wa zinki unaumiza mapafu.

Hapa tuseme wazi: watoto wasitumwe kuokota vyuma porini. Vita vimepita katika jimbo letu, na kitu kinachofanana na tiyo nzuri kinaweza kuwa bomu ambalo halijalipuka. Mtoto akikiona asikiguse, asikirushie jiwe. Arudi kwa njia ile ile aliyopitia, amwambie mtu mzima, naye apeleke habari kwa chifu au polisi. Hakuna kengele inayolipa mkono wa mtoto.

Sasa sauti. Wanaopiga likembe wanajua kwamba ulimi mfupi unalia juu zaidi. Tiyo ni vivyo hivyo, lakini inapanda haraka: uzi wa gitaa ukiukata nusu, mtetemo unakuwa mara mbili, tiyo ukiikata nusu, unakuwa mara nne. Ndiyo maana tofauti zetu ni ndogo. Sauti tano zinazopatana ni santimetri 40, 37.7, 35.8, 32.7 na 31. Kata ikiwa ndefu kidogo, kisha punguza kwa tupa huku ukisikiliza, kwa sababu iliyokwisha kuwa fupi hairudi.

Tundika kwa nailoni ya wavuvi, katikati ya tiyo zote pawe usawa mmoja. Hapo ndipo kigongeo kipige: kipande cha mviringo cha mti mgumu, na chini yake kipande cha bidoni kishike upepo. Mti laini unatoa sauti ya kusinzia.

Usiku kigongeo kifungwe. Jirani naye ana mtoto mchanga.