Kilimanjaro: Barafu yaliliwa, msitu waungua
WAKATI dunia ikiililia barafu ya Kilimanjaro, iliyopungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, hatari kubwa zaidi kwa maji ya Moshi iko chini yake, msituni. Huko ndiko mvua nyingi hunyesha na miti hunasa ukungu, maji yakalisha chemchemi, mifereji ya jadi ya Wachagga na Mto Pangani.

Mwaka 2005, mtafiti Andreas Hemp alionyesha kuwa ukavu unaoongezeka umechochea moto, nao umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita. Oktoba 2020 mlima uliungua tena.

Barafu hairejeshwi kwa uamuzi wa Moshi. Moto, ambao mara nyingi huanzishwa na binadamu, wakiwamo warina asali, unazuilika.