Sauti ya Nyuma ya Ukumbi Nayo Isikike

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliwapa raia haki ya kushirikishwa katika mambo ya umma. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanikishe ushiriki wa wananchi, nacho kifungu cha 201 kinadai uwazi na ushiriki huo katika masuala ya fedha. Kwa msingi huo, wakulima wa miwa, walimu na wachuuzi wa wadi saba za Ndhiwa, katika kaunti ya Homa Bay, wana haki ya kuisemea bajeti yao. Lakini haki ya kusema ina faida gani iwapo kinachonaswa ni sauti ya meza kuu pekee? Hoja yangu ni kwamba mpangilio wa maikrofoni katika kumbi za mikutano ni suala la haki, wala si la mafundi peke yao.

Jina tulilokipa chombo hiki limechangia kutupotosha. Tunakiita kipaza sauti, kana kwamba kazi yake ni kupaza tu. Kazi yake ya kwanza ni kusikia. Kwa kuwa tunafikiria kupaza, tunanunua spika kubwa, kisha tunaweka maikrofoni moja mbele ya mwenyekiti na kudhani kwamba mkutano umesikilizwa.

Hesabu inatukanusha. Nguvu ya sauti inayotoka kinywani moja kwa moja hupungua hadi robo kila umbali unapoongezeka maradufu. Anayesema akiwa mita 8 kutoka kwenye maikrofoni huifikishia sehemu 1 tu kati ya 64 ya nguvu ambayo angeifikishia akiwa mita 1. Isitoshe, mabati, kuta za matofali na sakafu ya saruji huirudisha sauti yake kwa mwangwi, silabi moja ikaipanda nyingine. Mvua ya alasiri ikianza kupiga paa, maneno yake humezwa kabisa.

Mimi kama mwanaisimu najua ni kitu gani hupotea kwanza. Irabu ni nzito na hustahimili. Konsonanti ndizo dhaifu. Katika Dholuo, konsonanti ya neno “tho”, yaani kifo, hutamkwa ulimi ukigusa meno, ilhali ile ya “to”, yaani lakini, hutamkwa ulimi ukigusa ufizi. Tofauti hiyo ni ya muda mfupi mno, na mwangwi huifuta. Kiswahili nacho kina mitego yake. Mzazi akiuliza kuhusu samani za darasa, karani akaandika thamani ya darasa, hoja imegeuka na mzazi hana habari. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Naam, ukumbini huenda lisiharibike, lakini katika rekodi laweza kuharibika.

Dawa ipo. Mwaka 1985, James Flanagan na wenzake wa Bell Laboratories, Marekani, walichapisha maelezo ya safu ya maikrofoni zinazoelekezwa na kompyuta katika kumbi kubwa. Msingi wake ni rahisi kueleweka. Sauti husafiri takriban mita 345 kwa sekunde katika joto letu. Ikitoka ubavuni, huzifikia maikrofoni mbili zilizoachana sentimita 10 kwa tofauti ya sehemu 1 ya 3,450 ya sekunde. Kompyuta huichelewesha ile iliyotangulia, ikaijumlisha na ile iliyofuata. Sauti ya upande uliochaguliwa hukutana na kuimarika. Za pande nyingine hupishana na kufifia. Maikrofoni 8 zikiunganishwa hivyo, kelele isiyo na mpangilio hupungua kwa takriban desibeli 9 ikilinganishwa na msemaji.

Nafasi kati ya maikrofoni nayo ina kanuni yake: isizidi nusu ya urefu wa wimbi fupi kuliko yote tunayolihitaji. Kwa sauti ya mitetemo 4,000 kwa sekunde, nusu hiyo ni kama sentimita 4.3. Lakini sehemu kubwa ya nguvu ya “s” imo juu ya kiwango hicho, na kwa mitetemo 8,000 nafasi hupungua hadi kama sentimita 2.2. Kwa upande mwingine, sauti nene zina mawimbi marefu kuliko mita moja, na safu fupi haiwezi kuzielekeza. Ndiyo sababu wabunifu huzisonganisha maikrofoni za katikati na kuzitawanya za pembeni.

Hata hivyo, tusidanganyike kwamba mtambo hauna upendeleo. Safu iliyoagizwa iandame sauti kubwa kuliko zote itamwandama mwenye kelele, na bibi asemaye kwa upole ataachwa vilevile. Kwa hivyo napendekeza mambo manne. Kwanza, safu ipangwe kufuata namna watu wanavyokaa, ikiwezekana katikati ya ukumbi. Pili, ijaribiwe kwa Dholuo na Kiswahili, na huko Migori kwa Kikuria pia, wala si kwa Kiingereza pekee. Tatu, rekodi ya kila maikrofoni ihifadhiwe peke yake, ili sikio liweze kugeuzwa baadaye kumwelekea aliyepotea. Nne, wahudhuriaji waarifiwe, kwa maana sikio lifikalo nyuma hunasa na minong’ono. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 isipuuzwe.

Walimu wa fizikia na wa lugha wanaweza kulifundisha somo hili pamoja. Mwanafunzi anayepima mwangwi wa ukumbi wa shule yake, kisha akahesabu maneno aliyoyakosa kutoka kiti cha nyuma, atakuwa amejifunza mawimbi, fonolojia na uraia kwa mpigo mmoja. Wanaonunua vyombo vya kumbi za umma nao wana wajibu wa kuuliza swali moja kabla ya kutia sahihi: chombo hiki kitamsikiliza nani?