Sikio kwanza, saini baadaye

Nimesoma hoja kwamba mwanamuziki anayekataa mkataba wa kampuni ya ala za muziki kwa ajili ya gitaa alilolizoea anaichezea riziki yake. Sikubaliani nayo hata kidogo.

Mtazameni Willie Nelson, mwanamuziki wa Marekani. Gitaa alilopewa na kampuni ya Baldwin lilipovunjika, mwaka 1969 alinunua gitaa la Martin N-20 kwa dola 750, akaagiza kifaa cha kunasia sauti kilichotoka kwenye lile la Baldwin kihamishiwe humo. Hilo ndilo gitaa aliloliita Trigger. Upigaji wake umeulamba ubao miaka nenda rudi hadi ukatoboka kando ya tundu la sauti, na bado analipiga. Gitaa linalomtambulisha duniani si la kupewa.

Sisemi mkataba ni dhambi. Kodi ya nyumba hailipwi kwa mapenzi ya chapa. Kama ala unayopewa ungeinunua hata kwa fedha zako, saini. Lakini ukibeba jukwaani gitaa usilolipenda, unamuuzia shabiki uongo, na kijana anayekuiga atajinyima ili alinunue. Mkataba una mwisho. Jina lako utabaki nalo.