Ndoo Inapoganda Zizini

Mwezi huu natoka kidogo nje ya wodi niwapeleke Uingereza, kwenye zizi dogo la kufundishia farasi wa mbio, wakati wa baridi kali. Tafadhali msifungue ukurasa mwingine. Mtaona kwamba kazi yenyewe mnaijua.

Zizi dogo lina farasi kama 10 au 15. Mara nyingi ni kazi ya mume na mke, pamoja na saisi wawili watatu. Farasi wenyewe si mali yao. Wenye farasi hulipa ada kila mwezi, na katika ada hiyo hutoka chakula, mishahara, matandiko na malipo ya fundi wa kwato. Kinachobaki ni kidogo. Tumaini liko katika fungu la zawadi farasi anaposhinda. Sasa ardhi ikiganda kama saruji, mbio hufutwa. Zawadi hakuna, lakini farasi anakula vile vile, na saisi ana watoto wake wa kulisha.

Mfano mkubwa ni baridi ya mwaka 1963. Theluji ilianza kuanguka siku moja baada ya Krismasi ya 1962 na sehemu nyingi haikuondoka mpaka Machi. Kwa zaidi ya miezi miwili karibu mbio zote za Uingereza zilifutwa. Hebu fikiria nyumba inayokaa muda huo wote bila pato la ziada, na bado unatakiwa uwe na farasi aliye tayari siku theluji itakapoyeyuka!

Tatizo la kwanza ni maji. Farasi mmoja hunywa lita 25 hadi 45 kwa siku, na wakati wa baridi anakula majani makavu tupu, kwa hiyo maji anayahitaji kweli. Lakini mabomba yameganda, na ndoo ikiachwa usiku asubuhi ina kifuniko cha barafu. Farasi hapendi maji ya baridi sana. Hunywa kidogo tu. Hapo majani hukauka tumboni, utumbo unaziba, naye anaanza kugeuka kutazama ubavu wake, kuparapara chini na kutoka jasho. Wenzangu wauguzi wataelewa uzito wa jambo hili nikiwaambia kwamba farasi hawezi kutapika. Msokoto wa tumbo humuua. Ndiyo maana mama wa zizi huamka kabla ya saa 11 alfajiri, akavunja barafu, akabeba birika baada ya birika kutoka jikoni ili maji yawe vuguvugu. Huweka na chumvi kidogo katika pumba iliyoloweshwa, farasi apate kiu. Kisha hutazama kinyesi. Ndiyo, kinyesi! Kama tunavyotazama cha mtoto mchanga: kimetoka, hakikutoka, ni kikavu au laini.

La pili ni mazoezi. Farasi anayelishwa nafaka nyingi kisha akasimama bila kazi, siku ya kutolewa misuli ya kiuno na mapaja hukakamaa kwa maumivu hata akashindwa kutembea. Kwa hiyo asipofanya kazi, nafaka hupunguzwa siku ile ile, si kesho. Na ili asisimame kabisa, mabua machafu ya mazizini hutandazwa uani kwa duara, farasi wakazunguka juu yake bila kuteleza. Kwato hupakwa mafuta chini, theluji isigandamane humo. Walio karibu na bahari huenda ufukweni, kwa kuwa mchanga wenye chumvi haugandi upesi. Ginger McCain alimfundisha Red Rum kwenye mchanga wa Southport, na farasi huyo akashinda Grand National mara tatu: 1973, 1974 na 1977.

Kuna kishawishi cha kuziba madirisha yote ili farasi wapate joto. Hapana. Vumbi la majani na harufu kali ya mkojo huharibu mapafu kuliko baridi. Ongeza blanketi, acha hewa ipite. (Hili nawaambia pia ninyi mnaolaza watoto wanne katika chumba kisicho na dirisha.)

Jambo lililonishangaza ni hili: baridi ile ya 1963, mwanamke hakuruhusiwa kupewa leseni ya kufundisha farasi. Helen Johnson Houghton, mumewe alipofariki mwaka 1952, aliendelea na zizi, na mwaka 1956 farasi wake Gilles de Retz akashinda mbio kubwa ya 2000 Guineas. Jina lililoandikwa lilikuwa la msaidizi wake mwanamume. Ni Florence Nagle aliyekwenda mahakamani, na mwaka 1966 Jockey Club ikasalimu amri. Mwaka 1983 Jenny Pitman akawa mwanamke wa kwanza kufundisha mshindi wa Grand National, farasi aitwaye Corbiere.

Siku hizi mambo yamepungua ukali. Tangu 1989 ipo njia ya mchanga maalumu huko Lingfield isiyoganda upesi, na nyingine zimefuata. Lakini mbio za kuruka viunzi bado hukimbiwa kwenye majani, na mkaguzi anaweza kuzifuta asubuhi ile ile, farasi amekwisha kusukwa na kupakiwa garini. Basi anashushwa, anavuliwa, anapewa maji ya vuguvugu.