Visiki vya Mvumi: Barua ya wazi kwa Dayosisi ya Central Tanganyika

Kwa Baba Askofu na wajumbe wa Sinodi, Dodoma.



Mvua ya Desemba inapokaribia, wakulima wa Mvumi huanza kuberega. Mabua ya mtama na uwele hukusanywa na kuchomwa, machipukizi yaliyotoka kwenye visiki vya mikungugu hufyekwa, na shamba hubaki jeupe likisubiri. Wanaoshika panga za kuberega ndio wanaojaza makanisa ya Dayosisi siku ya Jumapili. Barua hii inahusu machipukizi hayo, ambayo mahubiri huyataja mara chache sana.

Si kwamba Kanisa limelala. Tangu mwaka 1990 Waanglikana wameuhesabu utunzaji wa uumbaji kuwa sehemu ya utume wao, na mwaka 2022 Mkutano wa Lambeth ulizindua Msitu wa Ushirika wa Anglikana. Kwa jirani zao Walutheri wa Kilimanjaro, Askofu Fredrick Shoo alihimiza upandaji miti kwa bidii hadi akaitwa askofu wa miti. Lakini kinachofaa mteremko wa Kilimanjaro hakifai Chamwino, wilaya ya Mvumi, moja kwa moja. Dodoma hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mche uliopandwa siku ya maadhimisho, picha zikapigwa na mgeni rasmi akaondoka, unabaki na kiangazi cha miezi saba. Na mbuzi.

Kisiki kina mizizi tayari. Jambo hilo lilimfungua macho Tony Rinaudo, mmisionari wa Australia aliyekuwa Maradi, nchini Niger, mwaka 1983, miche yake mingi ilipokuwa ikifa: vichaka alivyokuwa akivipita kila siku vilikuwa miti iliyokatwa, ikijaribu kurudi. Hapa Dodoma, LEAD Foundation, shirika la Kikristo, pamoja na Justdiggit ya Uholanzi, wameieneza mbinu ya kufufua visiki kwa jina la Kisiki Hai. Mkulima huchagua machipukizi machache yenye nguvu, huyapogolea, huyawekea alama ya kitambaa, kisha huyalinda. Hakuna kitalu, hakuna ndoo za maji. Matawi yaliyopunguzwa huwa kuni, na majani huwa malisho.

Mchungaji anayetafuta andiko la somo hili asihangaike. Sura ya 14 ya kitabu cha Ayubu inazungumzia mti uliokatwa ambao shina lake, hata likifia udongoni, huchipua tena likipata harufu ya maji. Ayubu, ni kweli, hakuwa akifundisha kilimo. Alikuwa akilalamika kwamba binadamu hana tumaini kama la mti. Mkulima wa Mvumi angemwelewa upesi kuliko wafafanuzi wengi wa Biblia.

Ipo sababu ya kulipeleka jambo hili kanisani badala ya kuliacha ofisi ya wilaya. Wazee wa Mvumi wanaukumbuka HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden. Kondoa iliondolewa mifugo mwaka 1979, na miaka ya 1980 zamu ikafika Mvumi. Uoto ulirudi, hilo halina ubishi. Ila kwa Mgogo ng'ombe ni mahari, ni akiba ya mwaka wa njaa, ni heshima ya kaya. Kumwondolea kwa amri kuliacha kinyongo, na miti iliyoota chini ya amri ilihitaji mlinzi daima. Dayosisi, iliyoanzishwa mwaka 1927, haina polisi wala mgambo. Ina kitu kingine: mfugaji ambaye mbuzi wake wanakula machipukizi na mkulima anayeyalinda hukaa kanisa moja, wakati mwingine benchi moja. Makubaliano ya malisho baada ya mavuno yakianzia hapo, sheria ndogo ya kijiji itakuwa na watu wa kuiheshimu.

Kwa hiyo Sinodi inaombwa mambo mawili. La kwanza, mashamba ya kila parishi yasiberegwe tena mpaka visiki vyake vimechaguliwa na kuwekewa alama, na vijana wa darasa la kipaimara wafanye kazi hiyo kama sehemu ya mafundisho yao, chini ya mkulima anayejua, si chini ya mgeni wa semina.

La pili ni gumu zaidi, kwa kuwa linagusa jikoni. Serikali iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia Januari 31, 2024. Makanisa yana shule, vyuo na hospitali nyingi katika mkoa huu, na sufuria zake ni kubwa. Ni vigumu kumwambia mama wa Mvumi aache chipukizi limee huku lori la kuni likishusha mzigo nyuma ya bweni la taasisi ya kanisa lolote. Dayosisi itangaze hadharani, taasisi kwa taasisi, ni majiko gani yamebadilishwa, yapi bado, na fedha za kuyabadilisha zitatoka wapi. Taarifa hiyo isomwe kwenye Sinodi pamoja na hesabu za sadaka, na nakala ibandikwe kwenye mbao za matangazo za parishi kabla panga hazijaanza kunolewa.