Sindano ya Jirani

Dawa ya kupunguza unene si chumvi ya kuazimana. Semaglutidi, iliyokubaliwa Marekani kwa kazi hiyo mwaka 2021, hudungwa mara moja kwa juma: majuma 4 ya kwanza miligramu 0,25 tu, kisha huongezwa polepole hadi 2,4, ili tumbo lizoee. Ajidungaye sindano ya jirani aliyekwisha kufika juu aweza kutapika hata maji yamwishie mwilini. Anayetaka kupata mimba aiache miezi 2 kabla. Tumbo likiuma sana bila kutulia, huenda kongosho limevimba: aiache, aende hospitali upesi. Kwanza mganga akupime na kukuuliza habari za mwili wako. Ndipo dawa itakuwa yako.