Eti "Kabebwa na Upepo"? Ulitaka Mtumbwi wa Tanga Ubebwe na Nini?

Wiki nzima simu zetu zimejaa klipu moja tu, ile ya mitumbwi ya tanga inayoshindana jioni pale Ziwa Victoria, upande wa Mwanza. Kama hujaiona basi bando lako limekata. Kwa kifupi tu: mtumbwi unaoongoza umembeba staa mmoja wa Bongo Fleva (jina nalihifadhi, ila ni yule wa miwani nyeusi hata usiku), kakaa mbele kama sultani, usukani kashika mtu wa kukodi. Ghafla tanga linanywea. Mtumbwi unasimama katikati ya maji kama umefungwa kamba. Mara kule pembeni, karibu na mawe, anatokea mvuvi mmoja na tanga lake la viroba vya kuungaunga, anapita taratiiibu mpaka mwisho. Kashinda.

Usiku ule ule staa akaposti: "Hajashinda huyo, kabebwa na upepo." Vicheko vitatu na emoji ya moto. Mashabiki wakaingia na yao, wengine eti mechi imeuzwa. Jamani! Mtumbwi wa tanga ulitaka ubebwe na nini, bodaboda?

Mimi sikubaliani na staa hata kidogo, na nina sababu.

Naona wengi mnauongelea upepo kama feni ya ukutani, unawasha unazima. Upepo wa ziwani una ratiba yake. Mchana jua likiwaka, nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu inapanda juu, ile ya ziwani inaingia kuchukua nafasi. Mwanza ziwa liko kaskazini, kwa hiyo alasiri upepo unakupiga ukitokea majini. Jua likizama mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa upesi, maji yanabaki na joto lake, na upepo unaanza kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Hapo katikati kuna muda wa kimya, wa mchana umekata na wa usiku haujafika. Staa wetu alikwama kwenye kimya hicho.

Na huo wa usiku ukianza, nani anaupata wa kwanza? Si aliye karibu na nchi kavu?

Sasa rudini mkaangalie klipu, ile ndefu, siyo hii aliyoikata yeye. Mapema kabisa, wenzake wakiwa bado wanakimbizana katikati, mvuvi anajitenga, anakwenda bishi kuelekea kwenye mawe. Nyuma ya kamera mtu anacheka, eti "huyu njaa imembana anarudi kwao". Wakati huo huo tazameni moshi wa majiko pale ufukweni, umeshaanza kulalia upande wa ziwa. Tazameni na maji, kuna sehemu yamekunjamana na kuwa meusi, ndipo upepo unapogusa. Nimeirudia mara kumi na zaidi, kila ninachokiona kinaniambia yule jamaa alijua anachofanya. Na Mwanza na vile vilima vyake vya mawe, kuna mahali upepo unazibwa kabisa na mahali unapenya kwa nguvu. Huwezi kuyajua hayo kwa kufika Ijumaa na ndege ukaondoka Jumapili.

Wavuvi wa tanga (wapo bado, ingawa wengi siku hizi wana injini) kazi yao ndiyo hiyo. Upepo wa nchi kavu unawapeleka ziwani usiku kuvua dagaa, wa ziwani unawarudisha jua likipanda. Kwao hiyo ni daladala ya kwenda na kurudi kazini. Halafu unamwambia mtu kabebwa, kwenye daladala anayoipanda kila siku?

Kuna dada mmoja kaniandikia kwamba waandaaji wangefupisha njia upepo ulipokufa. Dada, hapo una hoja. Sheria za mashindano ya tanga duniani zinaruhusu kabisa kufupisha njia. Na mwaka 2007 kule Valencia, Hispania, mbio za kumtafuta mpinzani wa America's Cup, boti za matajiri kabisa, zilikaa siku kadhaa zikisubiri upepo. Waandaaji wetu nao wangeanza saa 10 badala ya kusubiri mwanga mzuri wa kamera. Ila njia ilikuwa moja kwa wote na kimya kilikuwa cha wote. Staa aliona anaongoza, akatulia.

Kinachonikera zaidi ni hiyo klipu iliyokatwa. Mvuvi katolewa kabisa, kabaki staa na machweo, chini kabandika tangazo la biashara. Mpaka naandika hapa jina la mshindi hajalitaja hata mara moja. Sura na jasho la watu mnafanyia kiki, halafu pesa inaishia kwenye simu ya mtu mmoja?

Na lingine. Mle ndani wamejazana watu wa kamera upande mmoja, mtumbwi umelala, hakuna hata mmoja mwenye jaketi okozi. Ziwa hili hili, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara ikiwa imejaza kupita kiasi, wakafa watu zaidi ya 200. Vijana wanaokuiga wewe ni wengi, kaka. Jumapili tu nimeona wengine wameshaanza kujirekodi hivyo hivyo.

Kwa hiyo kaka wa miwani, rudisha klipu nzima, mtaje mshindi, na kama tangazo lilikulipa, mgawie. Ni posti moja tu, dakika mbili haziishi.

Na wana Mwanza, mlioko Kirumba na Igombe, nisaidieni kitu kimoja. Aliyekuja wa pili ni nani? Yule wa tanga la bluu, aligeuza dakika za mwisho akamfuata mvuvi kwenye mawe, na hakuna anayemzungumzia. Komenti ziko wazi.